Gauni Lililotakata

Siku tulipomzika mama, wanawake walikuwa wanaosha masufuria nyuma ya jiko kwa sabuni ya mche, ile ya rangi ya samli, yenye chapa ya ua la pamba. Harufu yake ilinifikia nikiwa nimekaa mkekani na wafiwa wenzangu. Nilidhani kiwanda chake kilikufa zamani. Kumbe sabuni bado inatengenezwa, sijui na nani, sijui wapi, na mtoto mmoja wa ukoo wetu asiyejua lolote alikuwa ametumwa dukani akaileta nyumbani kwa mama, ambaye hakuigusa tena tangu nikiwa mtoto. Nilipaswa kuinuka niseme neno. Nilikaa. Kunyamaza katika jambo la sabuni hiyo ni kazi niliyoianza nikiwa na umri wa miaka tisa, na nimeifanya vizuri.

Kwetu ni upande wa Iyolwa. Siku hizo bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya na kila mtu alikuwa na shamba la pamba. Baba alikuwa Mpadhola, mama Msamia wa ng'ambo ya mpaka, karibu na Busia. Kwa kuwa mama alichukua miaka mingi kuizoea lugha ya ukweni, na baba hakujisumbua hata siku moja kujifunza ya kwao, nyumba yetu ilisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mpakani, kimevunjika hapa na pale, lakini kilitosha kwa mapenzi na kwa ugomvi pia.

Uani kwetu aliishi baba mdogo Othieno, kitinda mimba wa upande wa baba, ambaye alikuwa hajaoa. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Jioni alirudi na nyuzi nyeupe zimemjaa kwenye nywele na nyusi, amezeeka kwa siku moja, nami nilimkalisha kwenye kigoda nikamtoa uzi mmoja mmoja huku nikimkemea asitikisike. Kwa ajili ya kukemea huko aliniita Mnyapara. "Mnyapara amekasirika leo," alikuwa akimwambia mama, "hata chai hapana nipa mpaka yeye aseme." Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa nalo.

Kisha mashine ikamchukua mkono. Pamba ilikuwa imekwama kwenye meno ya mashine, na mnyapara wa zamu akamwambia aitoe bila kuizima, kwa sababu malori yalikuwa yanasubiri. Mkono wa kulia ulikatwa chini kidogo ya kiwiko. Alilala hospitali Tororo wiki nyingi, na aliporudi alikuwa na barua moja na katoni moja ya sabuni. Barua ilisema alizembea na kwamba kazi imekwisha. Katoni ilikuwa ya kumuaga, kwani kiwanda kile kilikamua mbegu za pamba mafuta na kwa mafuta hayo kilipika sabuni. Mama aliitazama katoni ile kwa muda mrefu. "Mtu wamemkata mkono," akasema, "halafu wanampa sabuni ya kunawa." Tangu siku hiyo baba mdogo hakuniita Mnyapara tena. Nilidhani nimemkosea kitu.

Wanaume wa ukoo walikutana kwetu Jumamosi. Mama alipika malwa, pombe ya ulezi, chungu kikawekwa katikati, na kila mzee akatoa mrija wake mrefu kwenye ala yake akauchovya. Sisi watoto tulichungulia kutoka ukuta wa jiko. Baba, ambaye kwa kawaida si mtu wa kusema sana, alisimama akaiweka katoni chini, karibu na chungu.

"Kutoka leo," akasema, "pamba yetu hapana kwenda kwa wao. Na hii sabuni hapana ingia kwa nyumba ya mtu yeyote ya hapa. Mpaka bwana mkubwa yao akuje, akae kwa kiti yetu, aongee na Othieno uso kwa uso. Ampe kazi ingine, ya mkono moja. Kazi iko. Hata kufungua geti ni kazi."

Wazee hawakupiga makofi. Kila mmoja alivuta mrija wake mara moja tu kwa niaba ya nyumba yake, akautoa mdomoni, akatulia. Hivyo ndivyo ukoo ulivyofunga neno; mirija ikawekwa pamoja kwa jirani, na nyumba ambayo ingelivunja ingerudishiwa mrija wake, yaani imetengwa na chungu cha ukoo. Katoni ikapandishwa darini kungoja siku ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Hakuna aliyetueleza watoto kitu. Nilijifasiria mwenyewe. Ukoo wetu ulikuwa na mwiko wa nyama ya pongo, yule swala wa vichakani. Ukiila, tuliambiwa, meno yatang'oka na ngozi itabambuka. Sasa niliona wazee wamekaa vilevile, wamenyamaza vilevile, nikajua kwamba sabuni nayo imeingia huko kwa pongo. Lakini kuhusu pongo nilikuwa na siri. Nilipokwenda kumtembelea Kukhu, bibi yangu mzaa mama, ng'ambo, aliwahi kunipa nyama hiyo akacheka, "Kula, mjukuu wangu. Mambo ya kwa baba yako yanabaki upande ule wa mto." Nilikula. Sikupoteza jino. Basi nikaelewa kwamba mwiko ni kitu cha upande mmoja, na ukivuka mto umeuacha nyuma yako.

Miezi iliyofuata tulifulia majivu. Kulikuwa na sabuni nyingine za kuogea, za bei ya walimu na makarani, lakini ya kufulia, madukani kote, ilikuwa ile moja. Mama alichuja maji ya majivu ya maganda ya ndizi, akaponda majani ya mpapai mpaka yatoe povu jembamba la kijani, akafulia hayo. Mikono ya wanawake ilipasuka. Nguo zilitoka safi lakini zimefifia, na Jumapili kanisani ungeweza kumtambua mtu wa neno letu kutoka mbali kwa rangi ya shati lake. Neno lilikuwa limetoka katika ukoo. Wanawake walilibeba kwenye sala zao na kwenye kisima, likafika Nabuyoga, likaingia kwa watu ambao hata Othieno hawakumjua. Pamba ilifungwa kwenye baiskeli na kusukumwa mpaka kiwanda kingine, mwendo wa nusu siku. Wenye maduka walilalamika kwamba miche ya sabuni inakauka na kupasuka kwenye rafu.

Hatimaye karani wa kiwanda, mtu wa parokia yetu, alikuja kwa baiskeli yake kumsalimu baba, akasifu mihogo, akasifu kuku, akauliza habari za Othieno kana kwamba walikuwa pacha. Kabla ya kuondoka akasema bwana mkubwa atakuja mwenyewe. Atakuja Jumatatu, siku moja baada ya watoto kupokea Komunyo ya kwanza. Baba alimsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alipita moja kwa moja kwenye nyumba ya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nilimsikia baba mdogo akicheka.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao wa Komunyo. Mama alinishonea gauni kwa kitambaa cha marekani, lenye mikono mifupi na ukosi, kisha akalifua kwa majivu ili kutoa wanga, na likatoka na rangi ya uji wa mtama. Nililia. Katekista alikuwa ametuambia kwamba roho inayompokea Bwana huwa nyeupe pe, na nilitaka roho yangu ionekane. Mama alikung'uta gauni, akalianika, akasema, "Magauni ya wote yatafanana na hili. Tumekubaliana, mama zenu wote. Mungu anajua kwa nini." Aliposema hivyo alionekana kujivuna, na hilo liliniudhi zaidi.

Wiki ile ile nilitumwa kwa Kukhu kumwalika kwenye sherehe na kuchukua viatu vya binamu vilivyokuwa vimembana. Baba mdogo alinipeleka kwa baiskeli. Alikuwa amejifunza upya kuendesha, mkono mmoja kwenye usukani na kigutu kimelazwa juu yake, na kwenye mteremko alipiga mluzi kunionyesha kwamba haogopi. Mpaka wenyewe haukuwa na maneno. Askari alitupungia kwa fimbo akiwa amekaa. Gauni nililibeba kwenye kifurushi, eti nimwonyeshe Kukhu.

Baba mdogo alikwenda kusalimia rafiki zake Busia, na Kukhu akalikunjua gauni juani. "Hili ni la kumpokea Yesu ama la kuchumia pamba?" akauliza. Habari za mkono alikuwa nazo. Habari za sabuni hakuwa nazo, na mimi sikumpa. Alinitia sarafu mkononi, nikaenda dukani, nikasema, "Sabuni ya kufulia," nikaiona inateremshwa kutoka kwenye rafu na lile ua la pamba tumboni.

Miaka mingi nimejitetea kwa mambo ya pongo na mto. Nilikuwa mtoto, nilielewa vibaya, ng'ambo hakukuwa kwetu. Nusu yake ni kweli. Lakini nakumbuka pia kwamba nilimwomba mwenye duka aifunge sabuni ile kwa gazeti, karatasi mbili. Nakumbuka nilishika njia ya nyuma ya mashamba ili nisikutane na baba mdogo. Mtoto anayeamini kabisa kwamba hafanyi kosa hapiti nyuma ya mashamba.

Nilifulia mtoni. Nililisugua gauni lile mara tatu, na povu lilikuwa nene, jeupe, likinitambalia mpaka kwapani, na harufu yake ilinikumbusha jioni zile za kumtoa baba mdogo nyuzi. Liliponing'inia kwenye ua wa Kukhu likikauka, lilikuwa jeupe mpaka macho yaliuma. Nililizunguka. Nililishika shika ukosi wake nikiwa nimejaa furaha, na hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu kuliko zote, kwamba nilifurahi namna ile.

Wakati wa kurudi baba mdogo alikining'iniza kifurushi kwenye usukani mbele yake, na mimi nikakaa nyuma. Upepo ulitupiga usoni pamoja na harufu ya kifurushi. Tulipovuka na kuanza kuteremka, aliacha kukanyaga pedali. Baiskeli ikawa inakwenda yenyewe.

"Kukhu yako amefua nguo?" akauliza bila kugeuka.

"Eee."

"Na sabuni?"

"Kule si kwetu," nikamwambia. "Kule haidhuru."

Ilikwenda hivyo mpaka chini kabisa, kwenye daraja la miti. Aliteremka akasukuma baiskeli, akalitazama lile gauni lililokuwa limechungulia nje ya kifurushi. Nilimwona akiinua mkono kama mtu anayetaka kulichomoa na kulitupa. Aliuweka tena kwenye usukani. "Haya," akasema, akapanda.

Hakunipeleka nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, na watoto wa Komunyo tulipaswa kulala parokiani, kwa hiyo mama hakuliona gauni mpaka asubuhi tulipoingia kanisani kwa mstari, wasichana kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa rangi ya uji. Mwanzoni nilijiona bibi harusi. Nilitembea taratibu ili nionekane. Kisha nikasikia wimbo unapungua upande wa wanawake, sauti moja baada ya nyingine, mpaka akabaki katekista peke yake akiimba kwa nguvu na kutugeukia kuona kumetokea nini. Nikamtafuta mama. Uso wake ulikuwa umekauka. Niliufungua mdomo mbele ya padri nikapokea, na sikusikia ladha ya kitu.

Nje ya kanisa karani wa kiwanda alikuwa wa kwanza kunifikia. Alinipongeza. Aliushika ukosi wangu kwa vidole viwili, akavisogeza vidole puani, akatabasamu. "Limetakata," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mama yako anajua kufua." Akachukua baiskeli yake, akaondoka kabla hata ya chai.

Mama Awor, jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, alisimama mbele ya mama. Wengine wakakusanyika nyuma yake. "Dada," akasema, "hii ni nini?"

Mama alinitazama mimi. Kisha alimtazama baba mdogo, aliyekuwa amesimama karibu na baiskeli na mkono wa koti umebanwa kwa pini, na nadhani katika uso wake alisoma kila kitu, ng'ambo, mto, Kukhu na sarafu yake. Baba alikuwa anakuja.

"Mimi ndiye nilifua," mama akasema. "Nilimwonea mtoto huruma."

Nilipaswa kusema. Nilikuwa na miaka tisa, si miwili. Neno lilikuwa fupi, "ni mimi", na nilikuwa nalo mdomoni, mahali pale pale palipopita Komunyo dakika chache kabla. Baba mdogo naye alikuwa nalo. Alinitazama akasubiri. Niliangalia viatu vya binamu yangu. Alipoona sisemi, naye hakusema, kwa sababu kumtetea mama kulikuwa kunitaja mimi, na siku hiyo ilikuwa yangu. Mkono uliokatwa ulikuwa wake, neno lilikuwa lake, na alilimeza ili mimi nile keki.

Jioni ile mume wa Mama Awor alileta mrija wa baba. Hakuketi. Aliuegemeza ukutani karibu na mlango, akasema, "Haya basi, ndugu yangu," akarudi kwake. Baba alikaa akiutazama mpaka giza likaufunika. Hakumpiga mama. Afadhali angempiga, mama alikuja kuniambia nilipokuwa mtu mzima, wala hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungefungua mlango.

Jumatatu baba alipanga viti hata hivyo, viwili vya kwetu na kimoja cha kuazima chenye mikono, cha bwana mkubwa. Baba mdogo alivaa koti. Mama alichinja kuku. Tulisubiri tangu umande haujakauka, na kila gari lililovuma barabara kuu tulinyamaza kulisikiliza likipita. Mchana kuku mmoja alipanda juu ya kile kiti chenye mikono akajilaza, na hakuna aliyemfukuza. Baadaye tulisikia kwamba karani alimwambia bwana mkubwa asijisumbue, watu wameshachoka, hata nyumba ya majeruhi mwenyewe inafulia. Wiki hiyo hiyo miche ilianza kutoka madukani. Mama Awor alinunua nusu mche, na wenzake nao, na siwalaumu. Kama shemeji yake Othieno amefulia, wao walikuwa wanapasuka mikono kwa ajili ya nani? Baba alipopanda darini kuteremsha katoni, alikuta panya wamekula sabuni karibu yote. Wao neno la ukoo halikuwafikia.

Mama peke yake alirudia majivu na majani ya mpapai. Wanawake walisema anajitia, anataka kuonyesha toba wakati mambo yameshaharibika. Alifua hivyo msimu baada ya msimu, na nguo zangu za shule zilikuwa rangi ya uji mpaka nilipoolewa. Mara nyingi nilikuwa namshikia beseni. Tulizungumza habari zote za dunia juu ya beseni lile isipokuwa moja.

Baba mdogo aliondoka baada ya mavuno. Alikwenda Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu, kulinda vyombo vya wachimbaji. Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia kufunga mzigo kwenye baiskeli, kwa kuwa fundo huhitaji mikono miwili, na nilikaza kamba bila kumtazama. Alipanda. Aliweka mguu mmoja chini.

"Mnyapara," akasema.

Hakuwa ameniita hivyo tangu ajali. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa kwa nini aliliacha jina hilo, na ni nani mwingine aliyeitwa hivyo.

"Lilikuwa jeupe kweli," akasema, akaenda.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananihukumu. Alizikwa huko huko Tiira, na nilifika baada ya kaburi kufunikwa.

Na sasa mama. Alasiri ya mazishi, watu wakiwa wameshakula na vilio vimepungua, Mama Awor, mzee sana sasa, haoni vizuri, aliomba kusema. Alimsifu mama kwa ukarimu, kwa maziwa aliyompa mtoto wake mgonjwa, kwa kuja ukweni bila lugha na kuondoka akiwa mwenyeji wetu. "Mtu mzuri kabisa," akasema. "Kosa yake nilijua moja tu. Sabuni." Wazee wachache waliokumbuka walicheka, kicheko kile cha matanga, cha chini na cha upole, na vijana wakacheka kwa kuwafuata. Mama Awor akageuza uso upande alikodhani nimekaa. "Wewe unakumbuka, mwanangu? Gauni yako ile?"

Harufu ilikuwa bado inatoka nyuma ya jiko. Watu wote walinitazama, wakingoja, na hakukuwa tena na baba wa kuogopa wala mama wa kunitangulia kusema.

"Nilikuwa mdogo," nikasema. "Sikumbuki." Nikacheka pamoja nao.